Karatasi za Saa Nne

Jeneza la Tonton Baruti liliwekwa chini ya hema la bluu, uani kwao, karibu na maporomoko, mahali ambapo kelele za maji hazinyamazi hata watu wakilia. Mimi nilichagua kiti cha nyuma kabisa, pembeni mwa masufuria. Watu walidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwapo, tena si ndogo, lakini kilichonisukuma nyuma ni Mama Alphonsine, yule mama mzee wa kitenge cheusi aliyekaa mstari wa mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikimkwepa ndani ya mji huu mmoja. Nikimwona sokoni, navuka barabara. Akialikwa kwenye ndoa niliyoalikwa mimi, naondoka kabla chakula hakijaletwa. Si kwamba alinikosea, hata kidogo. Kuna swali moja ambalo yeye peke yake angeweza kulijibu, na nilikuwa nimeamua kufa bila kuliuliza. Tonton Baruti, mkubwa wangu wa kazi niliyemwita tonton, yaani mjomba, alilijua swali hilo. Sasa ametangulia, na mimi nimebaki nalo peke yangu, kwenye kiti cha plastiki, na sahani ya lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki niliyopewa na watu wa msiba ikipoa mapajani.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mambo ya baba na mama, nani alinisomesha na kwa taabu gani, nayaacha. Hayo ni ya siku nyingine. La maana hapa ni chumba. Kilikuwa stoo ya mashuka ya hospitali, hospitali ambayo sitaitaja, na hata baada ya kuingiza meza na mashine kilibaki kikinuka sabuni na pasi ya makaa. Dirisha lake lilitazama kibanda cha groupe, yaani jenereta. Ukuta mmoja ulikuwa wa tiplai, ubao mwembamba, na nyuma yake kulikuwa na benchi refu walipokaa ndugu za wagonjwa wakingoja damu. Niliwasikia kutwa nzima. Nilisikia nani amekataa kutoa damu kwa shemeji yake, nani ameota ndoto mbaya, nani ameleta kwanga, mkate wa muhogo, bila mboga. Mchana Tonton Baruti alifungua bakuli la pondu, kisamvu kilichopikwa na mke wake, akaligawa sawasawa kwa kijiko, akaniambia, "Kula, Feza. Mutu wa njaa anaandikaka upuuzi." Nilikula, na masikio yangu yakiwa ukutani.

Yeye ndiye aliyeiandika programu ya damu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mtoto wa wavuvi wa maporomoko aliyejifunza mashine kwa kusoma vitabu vilivyochanika majalada. Programu yenyewe ilifanya kazi moja ambayo hata mtoto angeielewa. Kila salle, yaani wodi, ya hospitali ilikuwa na mashine yake. Muuguzi akiomba damu, mashine yake ilituma mstari mmoja kwa mashine yetu kubwa: jina la mgonjwa, chumba chake, kundi la damu yake, vyote vimetenganishwa kwa alama ndogo. Mashine yetu iliukata mstari ule vipande vitatu na kuchapa karatasi, tuliyoiita fishi. Fishi ndiyo iliyofungua frigo ya kuhifadhia damu. Ikisema A, mfuko wa damu ya A unatoka. Ikisema O, unatoka wa O. Na kwa kuwa salle ni sita na wagonjwa hawangojani, programu iliweza kuhudumia maombi sita kwa mara moja, kila ombi kwenye uzi wake, kama mafundi sita wa kushona katika chumba kimoja. Tonton aliiandika kwenye mashine yake mwenyewe, yenye Windows, na huko ilifanya kazi miezi mingi bila kukohoa.

Mimi ndiye niliyeihamisha. Mashine za hospitali zilikuwa zimejaa virusi, kila mtu anachomeka clé yake, flashi ya muziki, na mashine kubwa ilikuwa inazimika yenyewe mara tatu kwa siku. Nilikuwa nimetoka masomoni na kichwa kimejaa. Nikasema, tuweke Linux, virusi vitakufa njaa. Nikabadilisha mistari michache, programu ikakubali, na jioni moja, wauguzi wote wakiwa wamefunga mashine zao, nikatuma ombi moja, fishi ikatoka safi. Nikatuma la pili, safi. Tonton akaniuliza, "Umepima vizuri?" Nikamjibu, "Nimepima, Tonton." Haukuwa uongo. Lakini nilipima peke yangu, katika nyumba tulivu.

Na nikaongeza lingine. Mama Alphonsine, mkubwa wa damu, alikuwa na desturi ya zamani. Kabla ya kufungua mfuko wowote alichukua plaque, kigae cheupe cha ukubwa wa kiganja, akaweka tone la mgonjwa na tone la mfuko, akayachanganya kwa kijiti, akatazama. Damu zikipatana zinabaki laini. Zikigombana zinagandamana. Kila salle ilikuwa na vigae vyake, na kila muuguzi alifanya hivyo hivyo kwa kumwogopa yeye. Ilichukua dakika nyingi. Nikamwendea na ujana wangu nikamwambia, "Mama, sasa tuko na mashine. Mashine haikosei." Akasema, "Bon. Kama ni vile munataka." Mkurugenzi alifurahi. Nilipita salle zote na sanduku la katoni nikaviokota vigae, kumi na moja, nikavifungia kabatini mwenyewe. Ufunguo niliuvaa shingoni. Nilijiona mtu kweli kweli.

Kitu kimoja sikukifikiria, nacho ni kitu ambacho kila mkaaji wa mji huu anakijua kama jina lake. Umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo hospitali iliwasha groupe kwa saa maalum, saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kabla ya saa nne wauguzi waliandika maombi yao kwa kalamu. Saa nne mzee wa mazuti, mafuta ya dizeli, aliuvuta mshipi, groupe likakohoa, taa zikawaka, na mashine sita katika salle sita zikaamka pamoja. Wauguzi sita, waliokuwa wamekaa wakingoja na vidole tayari, walituma maombi yao yote ndani ya dakika moja. Baada ya hapo siku nzima ilikuwa shwari, na saa kumi maombi yalikuwa machache. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, na hakuna aliyeona ajabu.

Lundi moja, yaani Jumatatu, saa nne na dakika mbili, fishi ilitoka mashineni nikaisoma bila kusudi. Jina lilikuwa la mtoto wa miaka saba wa salle ya watoto, mvulana. Chumba: maternité. Kwanza nilicheka. Nikamwona yule mvulana amelala kitandani akingoja kuzaa, nikacheka peke yangu kama kichaa. Kisha kicheko kikakatika. Nikatuma tena lile ombi, fishi ikatoka sahihi, salle ya watoto, kila kitu mahali pake. Nikatuma mara kumi. Sahihi mara kumi. Fishi mbovu niliikunja ndogo nikaificha kiunoni, ndani ya kitenge. Nikajiambia ni muuguzi aliyekosea kuandika. Nikajiambia kosa linalotokea mara moja tu si kosa. Tonton aliingia, akauliza, "Iko sawa?" Nikasema, "Iko sawa." Nilidhani amenishtukia, lakini alikuwa anatafuta kijiko chake.

Kwa nini sikusema? Watu wa wakati huu wataona ni upumbavu. Nilimwogopa Mama Alphonsine, ambaye nilimnyang'anya vigae vyake mbele ya wauguzi wake. Nilimwogopa mkurugenzi. Lakini zaidi ya yote niliogopa uso wa Tonton Baruti akigundua kwamba "nimepima" yangu ilikuwa ya namna gani. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Walisema kweli kwa mambo ya vita. Katika stoo ya mashuka mambo yalienda kinyume.

Jumanne, saa nne ileile, Papa Lofembe wa chumba cha nne alipewa damu. Alikuwa seremala wa pirogi, yaani mitumbwi, kutoka Lubunga, mzee wa matusi, aliyewatukana wauguzi vijana kwa Lingala na kwa Kiswahili mpaka wakakataa kumkaribia, kwa hiyo Mama Alphonsine mwenyewe ndiye aliyempelekea mfuko. Jumatano nilikuwa nakula maharagwe niliposikia nyuma ya tiplai benchi likipinduka, na sauti ya mwanamke, "Papa eee! Papa Lofembe eee!" Kijiko kilinibaki mdomoni. Nilijua alikuwa mgonjwa sana, figo zake zilikuwa zimechoka, daktari alikuwa amewaambia watoto wake wajiandae. Yote hayo niliyasikia kwa masikio yangu kupitia ukuta uleule. Lakini kiunoni nilikuwa na karatasi iliyokunjwa, na ilinichoma kama kaa la moto. Nilimaliza maharagwe. Sijui nilimezaje. 

Alhamisi asubuhi, kabla ya groupe kuwaka, nilitumwa maternité kuandika majina. Kwenye kitanda cha dirishani alikuwapo Bibiche, muuza likayabu, samaki wa chumvi, mnene, mcheshi, uchungu umemshika na bado anatania. "Andika vizuri, Ya Feza," aliniambia, kama mtu anayemwita dada. "Bibiche. Mutu ya kuuza likayabu na ya kuchukia sindano." Nikachukua kadi yake ya mimba nikaandika kundi lake: O. Nakumbuka niliichora O ile kubwa, mviringo, kwa sababu kalamu ilikuwa inakataa. Kuelekea saa nne alijifungua msichana, na damu haikusimama. Groupe likawaka. Nilikuwa nimesharudi chumbani. Fishi zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, na mtu wa frigo alikuwa anazichukua zikiwa bado na joto. Nikaiona moja ikipita mkononi mwake. Bibiche. Maternité. A.

Nilitaka kusema "ngoja", lakini yule mtu alikuwa ameshafika frigoni, na frigo ilikuwa upande wa pili wa ua. Nilikaa. Namwambia msomaji ukweli: nilikaa. Labda kwa kuvuta pumzi tano, labda kumi. Nilifikiria kazi yangu, nilifikiria Tonton, nilifikiria kwamba labda kadi yake ilikuwa imekosewa na mashine ndiyo yenye haki. Kisha nikasikia nyuma ya tiplai sauti ya mama mkwe wa Bibiche ikimtuliza mwingine, taratibu kabisa: "Usiogope. Sasa kuko karatasi ya mashine. Mashine haikosei." Maneno yangu mwenyewe. Nilivyotoka chumbani sijui. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope la uani na sikukirudia.

Nilipoingia, muuguzi wa zamu alikuwa ameshatundika mfuko na anatafuta mshipa. Bibiche alikuwa amefumba macho, midomo yake imekuwa na rangi ya majivu. "Musifungue!" nilipiga kelele. "Mama, musifungue! Karatasi inadanganya!" Muuguzi aliruka. Mlangoni nyuma yangu akatokea Mama Alphonsine, aliyezisikia kelele kutoka ukumbini.

"We Feza, unasema nini?"

"Karatasi inadanganya, Mama. Huyu ni O. Niliandika mi mwenyewe, O. Na lundi pia ilidanganya, nikanyamaza. Mi nilinyamaza, Mama."

Hakunipiga, hakunitukana, na ningependelea moja kati ya hayo. Aliingiza mkono katika mfuko wa koti lake akatoa kigae cheupe. Sikujiuliza kilikuwa kinafanya nini mfukoni mwake. Tone moja la Bibiche, tone moja la mfuko, kijiti. Tulisimama watatu tukitazama. Damu ikaanza kukusanyika vipande vipande, kama maziwa yaliyoharibika chunguni. Mama Alphonsine akaushusha ule mfuko kwa mikono miwili, akampa muuguzi, akasema kwa sauti ya chini sana, "Leta O. Kimbia." Bibiche alipona. Msichana wake yuko hai, amekuwa mkubwa, anauza likayabu palepale mama yake alipouza. Kila nikipita napunguziwa bei na sijawahi kumwambia kwa nini napita mara nyingi hivyo.

Siku iliyofuata Tonton Baruti aliitwa kwa mkurugenzi. Nilisimama nyuma ya mlango, nimeshika karatasi yangu ya lundi, tayari kuingia kusema. Nikamsikia: "Programu ni yangu. Kosa iko yangu. Ule mutoto Feza ndiye aliyeokoa mama, mumushukuru." Alipotoka nilianza kulia, akanizuia kwa kiganja. "Utalia baadaye. Onyesha ile karatasi." Aliitazama mbele na nyuma. Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza siku tatu. Aliniuliza, "Ilitoka saa ngapi?" Nikasema saa nne na dakika mbili. "Na ya Bibiche?" Saa nne na dakika tatu. Alitazama dirishani, kule kwenye kibanda cha groupe, kisha akasema, "Donc ni pale wote sita wanaomba pamoja. Ita wauguzi."

Siku ile tulifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kusema "nimepima". Wauguzi sita wakakaa kwenye mashine zao, milango yote wazi, na mzee wa mazuti akasimama katikati ya ua na kuhesabu kwa sauti ya mtu anayeita pirogi kutoka ng'ambo: "Moja! Mbili! Tatu!" Vidole sita vikashuka pamoja. Mara ya kwanza fishi zote zilikuwa safi. Mara ya pili pia. Mara ya saba, mtoto wa miaka saba akawa tena maternité, na mwanamke mjamzito akapewa chumba cha mzee. Wauguzi walipiga makofi kwa kuwa tulikuwa tumelikamata kosa. Mimi niliziokota zile fishi mbovu nikampelekea Tonton.

Tonton alinieleza jioni, akichora chini kwa kijiti. Kila mfumo wa mashine unakuja na maktaba yake, ghala la vifaa vilivyokwisha kutengenezwa, na mwandishi wa programu anaviazima badala ya kuvichonga upya. Kifaa chetu cha kukata mstari kiliitwa strtok, nasi tulikiita esteritoki kama jina la mtu. Esteritoki hukata kipande cha kwanza, halafu hukumbuka kilipofikia, ili ukirudi kikate cha pili. Ila kina mahali pamoja tu pa kukumbukia, kwa wote. Uzi wa Bibiche ukikata jina na chumba, halafu kabla haujakata kundi la damu uzi wa mwingine ukaingia, kumbukumbu inafutwa, na Bibiche akirudi anapewa kipande cha jirani yake. Kwenye Windows ya Tonton, waliotengeneza maktaba walikuwa wameupa kila uzi mahali pake pa siri, bila kumwambia mtu. Kwenye Linux yangu, mahali pale palikuwa pamoja tu, pa wote. Jina lile lile la kifaa, kazi ileile, na ndani yake tabia mbili.

"Kwetu ku maporomoko," alisema, "kila famii iko na nafasi yake na kikapo yake. Hata ndugu yako wa tumbo moja, hauache samaki yako mu kikapo yake, ukasema nitarudia. Utarudia, utakuta nini? Mi mutoto wa kule, najua ile tangu nikinyonya. Na nikaandika programu ya batu sita na kikapo moja." Alicheka kidogo, cheko baya. Kumbe maktaba ya Linux ilikuwa na kifaa kingine, ndugu yake yule, kinachomtaka kila mwombaji aje na kikapo chake mwenyewe cha kuwekea kumbukumbu. Windows nayo ilikuwa na chake, kwa jina jingine. Tukaandika cha kwetu juu ya vyote viwili, tukakiita Kikapo. Programu inaita Kikapo tu. Kikapo chenyewe kinatazama kiko kwenye mfumo gani na kinaazima kinachofaa.

Ungedhani woga uliishia hapo. Ndipo ulipoanza. Kwa kuwa kama esteritoki ilitudanganya, ni nani mwingine? Tulipitia programu nzima, mstari kwa mstari, tukikiuliza kila kifaa tulichokiazima: we unakumbuka wapi? Kile cha kusoma tarehe kilikuwa na ubao mmoja kwa wote. Kile cha kueleza kosa, vilevile. Na vile vya Linux na vya Windows vilipokuwa na kazi moja, vilitaka vitu vyake kwa mpangilio tofauti, cha kwanza huku kinakuwa cha pili kule, na ukisahau vinakuharibia kimyakimya. Miezi saba. Vigae nilivirudisha salle zote kwa mikono yangu, nikiomba radhi kitanda kwa kitanda. Nilikonda. Groupe likikohoa saa nne nilibanwa na mkojo, na hayo si maneno ya kupamba hadithi. Nilisoma kila fishi, jina kwa jina, nikilinganisha na kalamu za wauguzi. Tonton alinitazama tu.

Na katikati ya yote, Papa Lofembe. Fishi yake ilichomwa pamoja na mfuko. Daftari la mashine lilisema A, lakini daftari lilikatwa na kisu kilekile. Ile A ilikuwa yake au ya jirani? Ningeweza kumwuliza Mama Alphonsine, aliyemtundikia damu. Ningemaliza ua kwa hatua arobaini. Sikwenda. Siku moja, kuelekea mwisho wa mwaka, miezi ile saba ilipokwisha, Tonton aliweka kijiko chini akaanza, "Feza, ile mambo ya Papa Lofembe..." Nikaziba masikio kama mtoto. "Tonton, nakuomba, usiseme." Akasita, akaokota kijiko chake, akagawa pondu. Hakulitaja tena.

Sasa, pale msibani, nilikuwa nimeinama juu ya samaki wangu niliposikia fimbo ikigonga saruji. Mama Alphonsine alikuwa ameacha mstari wa mbele. Mtu akampisha kiti, akakaa karibu yangu, akavuta pumzi.

"Feza. Miaka yote hii unanikimbiaka. Nilikukosea nini?"

Nilitaka kusema hapana, Mama, ni kazi nyingi. Nikatazama jeneza. Hakukuwa tena na mtu wa kuniambia nitalia baadaye. "Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya yule msichana wa miaka ishirini na minne, "Papa Lofembe wa chumba cha nne. Damu tuliyomupa ilikuwa yake?"

Alinigeukia polepole. "Baruti hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Eh, Mungu wangu. Alikuja kuniuliza ile siku aliitwa kwa mkurugenzi. Nikamuambia. Ule mzee nilimupima mi mwenyewe, na plaque, nyuma ya rido, ile pazia, mbele ya kufungua poche ya damu. Alikuwa A, na damu ilikuwa A. Figo ndiyo ilimuua, masikini, na ile hasira yake."

"Lakini plaque nilizifungia. Kumi na moja."

"Zilikuwa kumi na mbili." Alicheka bila meno. "Mulikuwa na furaha sana na mashine yenu. Nikasema, niache batoto na furaha yao, mi nibaki na plaque yangu mu mfuko. Ila maternité sikuweza kuwa kila saa. Ile ndiyo ilitaka kuniua mi."

Nikamwuliza kama Tonton alijua hayo miaka yote, kama alijua na aliniona nakonda. Akasema alijua. "Nilimuambia, mwambie mutoto, anaisha. Akajibu, nitamuambia, amalize kwanza kuangalia mistari yote. Woga ndiyo inamufanya aangalie mara mbili. Vile alisema. Mi nilifikiri mulimalizaka zamani."

Hasira iliyonipanda ilinitisha. Miaka kumi na saba! Usingizi wangu wote ule, Tonton, na njia zote nilizovuka, na ndoa za watu nilizokimbia! Nilisimama, sahani ikaanguka, watu wakageuka wakidhani uchungu umenizidi, mwanamke mmoja akanishika mkono na kuniimbia sikioni. Nikiwa nimesimama hivyo ndipo nilipokumbuka kijiko kikiwekwa chini, na yale maneno, "Feza, ile mambo," na viganja vyangu mwenyewe vikiziba masikio. Miezi saba alininyima. Miaka yote iliyobaki nilijinyima mimi. Mama Alphonsine alikuwa bado ananitazama. "Sasa woga itaisha?" aliniuliza, kwa upole. Nikamwambia ukweli kwamba sijui, kwamba kesho saa nne nitasoma fishi kama kawaida.

Kaburini watu walipita kwa mstari, kila mmoja na udongo wake mkononi, anautupa mara moja, anasogea. Mimi nilitupa mara mbili, na ule wa kwanza niliutupa kwa nguvu.